Chumba Hakiagwi

Mkokoteni ulikuwa mzito kupita mzigo wake. Ndivyo mambo yalivyoanza, na kama Ogutu hamali angesikilizwa siku ile, mimi leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Kitanda cha kamba, godoro, sanduku la bati na sufuria chache, huo nao ni mzigo? Lakini walipofika barabara ya Ngong, Ogutu alisimama akihema.

"Muthama, kuna mtu amepanda huu mkokoteni," alisema.

Muthama akacheka. Mama yake, Kasyoka, aliyekuwa akifuata nyuma na kiondo chake, hakucheka. Alikuwa amesikia harufu ya maziwa yaliyoungua, na pale njiani hapakuwa na jiko wala maziwa.

Harufu ile aliijua. Tangu mumewe afariki, Kasyoka aliishi peke yake Kibera, katika chumba alichopangishwa na Bi. Kaltuma, mama mmoja wa Kinubi. Kila asubuhi alimimina chai vikombe viwili, kwa mazoea tu. Kimoja alikunywa mwenyewe, cha pili alikikuta kikavu. Hakuuliza. Alishukuru kuwa na wa kunywa naye, awe yeyote. Ila mgeni akikaa sana, chumba kilijaa harufu ya maziwa ya kuungua, na mgeni alikumbuka shughuli zake akaondoka.

Mwaka ule wa hamsini na saba, Muthama, mpishi kwa mzungu mmoja kule Hurlingham, alipewa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya tajiri wake. Akasema mama yake hatazeeka katika upweke. Asubuhi ya kuhama, Bi. Kaltuma, ambaye watu walimletea wagonjwa wao wa majini awafukizie udi, alimvuta Kasyoka kando.

"Ukitoka, toka. Chumba hakiagwi. Usiseme kwaheri, na karibu ndiyo usiitamke kabisa."

"Nimesikia, dada."

Na kweli alisikia. Lakini alipoinua macho alimwona Milcah, mke wa Muthama, akimfuta mumewe jasho shingoni kwa leso, na wote wawili wakacheka jambo ambalo hawakumwambia. Wivu ulimshika Kasyoka. Yaani yeye aliyemzaa ndiye amekuwa mzigo wa kufungwa kamba? Akarudi ndani kama aliyesahau kitu.

"Wale kila mmoja ana wake," alikinong'onezea chumba kitupu. "Mimi sina wangu. Karibu, twende."

Sasa, Milcah hakuwa mwanamke mbaya, na nitasema hivyo hata nikatazwe. Alikuwa amepaka chumba cha mkwewe chokaa na kumtandikia shuka mpya. Kasyoka hakuiona chokaa. Alichoona ni Milcah akionja mchuzi na kumpa Muthama mfupa wenye uboho, mfupa ambao tangu utotoni Muthama alipewa na yeye mama yake. Na ajikwae basi, alisema Kasyoka moyoni.

Kesho yake Milcah alianguka na sufuria ya maji ya moto, mahali pakavu, akaungua mkono.

"Nimesukumwa, Mama," alinong'ona. "Niliusikia mkono mgongoni."

"Umeteleza tu, mwanangu," alisema Kasyoka. Si vizuri kusema, lakini alifurahi.

Kuanzia hapo kijiko kiligonga kikombe kitupu popote Milcah alipogeuza mgongo, ngo, ngo, ngo, taratibu. Milcah akakonda. Akaacha kuimba. Kasyoka aliyaona yote na hakusema neno, mpaka mchana ule alipoachiwa mjukuu wake, Peres, mtoto ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Mtoto alimshika bibi yake pua, akacheka, na moyo wa Kasyoka ukalegea akampenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote. Na papo hapo harufu ya maziwa ikaja, nzito, ya kukereketa koo, na kijiko kikaanza kugonga nyuma ya sanduku, kikasogea, kikapita ukutani, kikaja nyuma ya shingo yake, na kicheko cha Peres kikakatika mdomo ukiwa wazi, na kwenye kishingo kile laini ngozi ikabonyea, shimo moja, kisha la pili, kama mtu anayebonyeza unga uliokandwa.

"Mwachie," alisema Kasyoka. "Mwachie, tunarudi. Mimi na wewe. Leo hii."

Mtoto akavuta pumzi, akalia. Hapo ndipo Kasyoka alipoelewa. Yule aliyemkaribisha hakuwa akimchukia Milcah kwa niaba yake. Alimtaka Kasyoka peke yake, kama Kasyoka alivyomtaka Muthama.

Mkokoteni ukaitwa tena. Kwa Muthama alisingizia baridi ya Hurlingham. Milcah alilia akiwa ameshika kiondo.

"Nimekukosea nini, Mama?"

Kasyoka akakichukua kiondo, akaufuata mkokoteni.

Kule Kibera, Bi. Kaltuma alifukiza udi chumbani hadi wote wawili wakakohoa. Mwishowe akaweka chetezo chini. "Ulimkaribisha kwa mdomo wako. Mimi simtoi. Kaa naye, na mtu mwingine asikaribishwe humu, hasa unayempenda."

Jumapili ilipofika, Kasyoka alikuwa amekaa na vikombe vyake viwili aliposikia hodi ya Muthama mlangoni, akimwita mama kwa Kikamba.

"Hodi, Mwaitu. Ni sisi. Tumekuja na Peres."

Maisha yake yote hakuwahi kunyamazia hodi. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimpita vidoleni. Alimsikia mtoto akigonga ubao kwa kiganja chake.

"Hodi, Mwaitu."

Kijiko kikagonga kikombe cha pili mara moja, kikatulia.

"Labda ametoka," alisema Milcah. "Twende, tutarudi siku nyingine."

Hatua zikaanza kwenda zao. Kasyoka akashusha pumzi, mikono ingali mdomoni. Kisha kutoka nyuma ya sanduku, kwa sauti yake yeye Kasyoka, ileile aliyombembelezea Muthama utotoni, mtu akaita.

"Karibuni, wanangu. Mlango uko wazi."

Komeo likajivuta lenyewe polepole. Nje, hatua ziligeuka, na Peres akaanza kucheka.