Mafuta ya Nywele Zote

Jua lilikuwa linazama na Mama Chanuo alikuwa mbioni. Alitaka afunge saluni, apitie duka la dawa, awahi nyumbani kwa mdogo wake mgonjwa. Akaingiza kibao cha saluni ndani. Akafagia nywele za siku nzima, akazitia kwenye mfuko, akautoa nje nyuma ya saluni kama kawaida yake.

Kawaida yake, nasema, maana haikuwa kawaida ya shangazi yake aliyemwachia ile saluni. Kwa shangazi, mteja hakushuka kitini bila kukabidhiwa nywele zake zilizodondoka, zimefungwa kwenye karatasi. "Nenda nazo kwako, mwanangu. Zitupe mwenyewe." Mama Chanuo alilifuata hilo mwanzo mwanzo. Kisha wateja wakajaa, karatasi zikawa kero, na ufagio si uko pale pale? Akaacha.

Na wateja walijaa kweli. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wanawake wa mji ule walikuja na kila aina: za kipilipili, za singa, za mawimbi, nyekundu, zenye mvi. Mama Chanuo aliwawekea wote mafuta yao rafuni. Mazito ya nywele kavu hapa, mepesi ya singa kule, ya mvi juu kabisa. Hakuna kichwa kilichomshinda, naye hakuchoka kulisema.

Isipokuwa cha mdogo wake.

Alimtia kalikiti, dawa ya kukunja mawimbi, pale pale saluni, kwa mkono wake mwenyewe, mawimbi yakakaa ukatamani. Haukupita muda binti akaanza kunyonyoka. Nywele zilibaki kwenye mto kila asubuhi, na nguvu zikaondoka nazo. Sasa hata kijiko kilikuwa kizito. Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, wakasema hawaoni kitu. Mama Chanuo hana mtoto wala mume. Ana huyo mmoja tu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Alikuwa ameshika kufuli mlango ulipofunguliwa.

"Dada... umefunga?"

Sauti ya chini, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mwanamke mrefu, kajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Akaingia, na harufu ikaingia naye. Harufu ya nywele zilizoungua.

"Nafunga, shoga. Kama ni kusuka, njoo kesho."

"Si kusuka. Nataka mafuta."

"Ya nywele za aina gani?"

Mgeni akazitazama chupa za rafuni, moja moja.

"Zote."

Mama Chanuo akacheka. "Zote za nani? Au una mabinti wa baba mbalimbali? Sema tu, hapa hatusengenyi... sana."

Mgeni hakucheka. Akaurudisha mlango nyuma yake, akakaa kitini mbele ya kioo, akafungua mtandio.

Yallah!

Kichwa kilikuwa viraka. Kiraka cha singa kilichoning'inia mpaka kiunoni, kando yake cha mawimbi mekundu, kingine cheupe pe kwa mvi. Na hazikuwa nywele za kushonea. Mama Chanuo anazijua za kushonea. Hizi zilikuwa na ngozi yake chini, na ngozi nayo ilibadilika rangi kutoka kiraka hadi kiraka.

Akashika mgongo wa kiti asianguke.

Msusi anaijua kazi yake hata gizani. Ile singa ni ya mkunga, aliyekuja juzi kupunguza ncha. Yale mekundu ni ya mke wa fundi saa. Ile mvi ni ya mwalimu mstaafu, yule anayemletea magazeti ya zamani ya kufungia chupa. Wote walikaa kwenye kiti hiki hiki. Wote alizifagia nywele zao na kuzitoa nje.

Macho yake yakashuka kisogoni. Hapo palikuwa na mawimbi ya kalikiti, na katikati yake kishungi cheupe kama pamba.

Kishungi ambacho mdogo wake alizaliwa nacho.

"Hicho kinanitesa," mgeni akanong'ona. "Kinakataa kushika. Mwenyewe anang'ang'ania. Hivi vingine vimekauka tu, vinataka mafuta yake. Vikishiba, vitashika leo leo."

"Vikishika... wenyewe wanakuwaje?"

"Wenyewe?" Mgeni akamtazama kwenye kioo. "Hawatazihitaji tena."

Bomba la sinki likadondosha tone. Jingine.

Mama Chanuo alitaka kukimbia, lakini akikimbia, kile kisogo kitaondoka na mdogo wake. Akasimama pale, kumbe akili yake ya kazi imeshaanza kutembea kwenye rafu bila kumwomba ruhusa. Kuna jambo kila msusi hufundishwa siku ya kwanza: usipake rilaksa, dawa ya kunyoosha, juu ya kalikiti. Dawa hizo mbili hazikai kichwa kimoja. Nywele hukatika zote, hubaki upara.

Lakini mgeni hakuwa mjinga. Alinyoosha kiganja. "Kila chupa nianze kuinusa."

Kwa hiyo ilibidi aaminiwe kwanza. Hilo ndilo alilojiambia Mama Chanuo, na ndilo analojiambia mpaka kesho.

Akashusha mafuta mepesi ya singa. Mgeni akanusa, akaafiki kwa kichwa. Mama Chanuo akayapaka kwenye nywele za mkunga, taratibu, mpaka shinani. Akasikia nywele zinanyonya. Akapitisha chanuo, haukudondoka hata unywele mmoja. "Nisamehe, dada yangu," akasema moyoni, akafungua chupa ya pili. Mekundu yakang'aa. Akafungua ya tatu. Mvi za mwalimu zikalala, zikashika.

Mgeni alifumba macho kwa raha. "Una mkono mtamu."

"Bado kisogo," Mama Chanuo akasema. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Hiki ni kikaidi. Kinataka dawa kali."

Akafungua kopo la rilaksa. Mgeni akanusa, akakunja uso.

"Kali hii."

"Kali ndiyo. Ukitaka laini, utaondoka nacho hivyo hivyo."

Mgeni akainamisha kichwa.

Mama Chanuo akapaka. Akapaka kama anayeziba ufa ukutani.

"Inawasha..."

"Uzuri udhia. Vumilia."

"Inaunguza!"

"Njoo tuoshe."

Akafungua maji. Mawimbi ya mdogo wake yakaachia yote kwa pamoja, yakateleza ndani ya sinki pamoja na kishungi cheupe, yakazunguka, yakamezwa na shimo.

Mgeni akainuka polepole, maji yanamchuruzika shingoni. Akagusa kisogo. Kitupu. Mama Chanuo akafumba macho, akangoja lolote litakalomjia.

Halikuja. Ulikuja mnong'ono tu, karibu na sikio.

"Haya. Huyo mchukue. Hawa wengine nilikuwa nimewaiba... sasa umenipa mwenyewe."

Alipofumbua macho, kiti kilikuwa kitupu na mlango wazi.

Alikimbia njia nzima, kiatu kimoja mkononi. Nyumbani taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mdogo wake alikuwa amesimama. Amesimama, jamani, kwa miguu yake, kichwa kitupu kabisa na kisogo chekundu kama kilichomwagiwa maji ya moto, anakomba sufuria ya wali wa mchana.

"Dada, nina njaa mimi, utafikiri sijala tangu nizaliwe. Na kisogo kinaniwasha!"

Mama Chanuo alimkumbatia, akalia mpaka akakosa pumzi. Alifurahi. Hakuwahi kufurahi vile maishani mwake.

Simu ikaita. Mume wa mkunga.

"Mama Chanuo, samahani... mke wangu aliwahi kukwambia anaumwa? Alikuwa anamimina chai. Anamimina tu. Akakaa chini... nywele zote zimebaki kwenye kiti, Mama Chanuo. Na hapumui."

Mume wa watu bado analia, simu ikaanza kulia kwa ndani, mwingine anapiga. Kwa mwalimu.

"Mbona hupokei?" mdogo wake akauliza, amenyoosha sahani. "Na wali umeisha. Kuna kingine?"

"Kipo," Mama Chanuo akasema. Akaifunika simu kifudifudi mezani, akaenda kumpikia.