Mwaridi wa Bibi na Chungu cha Kauri

“—achia basi, kaka, nimeushika mimi kwanza, muulize hata huyu mama!”

Mama mwenyewe hakutaka kuulizwa. Alikuwa anacheka tu nyuma ya trei zake za miche, mikono imejaa udongo, maana hao wawili walikuwa wameng'ang'ania mche mmoja wa asmini, wa mwisho mezani, huyu kashika chungu na yule kashika shina, na foleni nzima imesimama inawatazama. Ilikuwa Siku ya Miche ya klabu ya bustani, Jumamosi ya kwanza mvua zikianza, uani kwa maktaba, watu wamejaa mpaka getini na ndoo zao.

Aliyeshika chungu alikuwa mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa pili, msichana wa gauni la njano na raba nyeupe ambazo kufikia saa nne zilishakuwa za kahawia. Aliyeshika shina alikuwa fundi saa, kijana mrefu, mtaratibu, mikono ya shati la bluu kaikunja vizuri, na shingoni bado kinaning'inia kile kioo chake cha kutazamia vidude vya saa. Kasahau kukivua.

“Dada, mimi nimepanga foleni tangu saa mbili.”

“Na mimi nimeuota huu mche tangu juzi.”

“Ndoto haina namba ya foleni.”

“Na hicho kioo chako hakioni, maana ungeniona naushika.”

Fundi Saa akacheka, akaachia. “Haya, chukua. Ila nipe namba ya simu niwe naulizia hali.”

“Hali yangu?”

“Ya mche. Wewe naona mzima kabisa, una nguvu za ajabu.”

Namba akaitoa, tena bila kubabaisha tarakimu hata moja. Jioni ile ile simu ikaita.

“Asmini hajambo?”

“Hajambo, anapumzika.”

“Umemwagilia?”

“Nimemwagilia.”

“Na wewe umekula?”

Hapo ndipo Mfamasia alipojua kuwa mambo yameshakuwa mambo.

Wote wawili wakajiunga na klabu. Mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alipoona mwandiko wa Mfamasia unasomeka, kitu ambacho hakukitegemea kwa mtu wa dawa, akampa ukatibu papo hapo. Kazi ikawa kuandika ratiba ya msimu na kuibandika kwenye ubao wa maktaba: wiki hii kupogoa, wiki ijayo kugeuza mboji, mwisho wa mwezi kubadilishana mbegu, na mvua zikikatika, Maonyesho ya Maua. Kwenye daftari la klabu akakuta kanuni iliyomchekesha. Kipandikizi, yaani kile kijiti cha shina kinachochomekwa kwenye udongo kiote mizizi, hakitangazwi kwa mtu yeyote mpaka ukivute taratibu nacho kigome kutoka.

“Ni kama mimba changa,” Mwenyekiti alimweleza. “Watu hawaambiwi mapema. Tukitangaza hapa leo, kesho kimeoza.”

Msimu ule, jamani, ulikwenda kama maji. Siku ya kupogoa Fundi Saa alimshikia ngazi kwa muda mrefu kuliko ngazi yenyewe ilivyohitaji. Siku ya mboji walinuka wote wawili, wakarudi kwa miguu, hakuna aliyelalamika. Siku ya mbegu alimpa bahasha ndogo, ndani mbegu saba za alizeti, na nje kaandika kwa zile herufi zake za mafundi saa, ndogo mpaka unakodoa macho: *Panda karibu na dirisha, ukifungua unikumbuke.* Mfamasia alizipanda. Alikuwa anamkumbuka hata dirisha likiwa limefungwa.

Kitu pekee alichokuwa nacho cha thamani kuliko simu yake kilikuwa kibarazani: mwaridi wa Bibi. Bibi aliuchimba mwenyewe mwaka ule ua wa nyumba yake ulipojengwa vyumba, akampa mjukuu, akasema huu ndio umebaki, mwingine haupo. Maua yake yalikuwa ya waridi nje na meupe tumboni, harufu yake ilifika hadi kwenye ngazi. Kwa mapenzi, Mfamasia aliuhamishia kwenye chungu cha kauri cha kijani kinachong'aa, kizuri kuliko vyombo vyote ndani, akawa anaumwagilia asubuhi na jioni.

Kazini wakampeleka mafunzo ya wiki tatu, mbali. Akamwachia Fundi Saa ufunguo.

Aliporudi hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja kibarazani. Asmini ilikuwepo. Alizeti zilikuwepo. Chungu cha kauri kilikuwa kimeoshwa, kimekauka, kimepinduliwa chini juu.

“Mwaridi wangu uko wapi?”

“Kaa kwanza, mpenzi.”

“Sikai. Uko wapi?”

“Nimeukata. Lakini usiniulize zaidi ya hapo. Nipe wiki mbili tu.”

“Wiki mbili za nini, za kutunga uongo?”

“Nakuomba uniamini.”

“Nilikuamini ndiyo maana nikakupa ufunguo.”

Akanyoosha kiganja. Fundi Saa akautoa ufunguo mfukoni, akauweka polepole, akashuka ngazi. Kabla hajafika chini, Mfamasia alishamfungia simu, hapigi, haandiki, hatumi kitu. Wiki mbili zilipotimia akaja mwenyewe duka la dawa, shati limenyooshwa, akasimama mbele ya kaunta. Mfamasia akajificha nyuma ya makabati, akamtuma mwenzake.

“Samahani, kaka,” mwenzake akamwambia, “anasema dawa yako imekwisha.”

“Sijamwambia naumwa nini.”

“Anasema anajua.”

Mwenyekiti naye alijaribu. Alimwita pembeni baada ya kikao, akafungua mdomo, na Mfamasia akamkata hapo hapo: “Mama, shikamoo, nakuheshimu, ila huyo mtu usinitajie.” Mkunga amezalisha watu miaka thelathini na miwili, anajua wa kusukumwa na wa kuachwa. Akamwacha.

Kisha ikaja orodha ya Maonyesho, katibu aichape. Mstari wa saba: *Fundi Saa, miwaridi, meza nzima.* Aliusoma mara tatu. Mtu ambaye nyumbani kwake anaotesha vitunguu na mnanaa basi, leo ana miwaridi ya kujaza meza? Akaelewa, au alidhani ameelewa: kaukatakata mwaridi wa Bibi ili aje ashinde nao. Alilia mpaka pua ikaziba, na usiku haukuwa umeingia bado, simu ikaita.

“Mjukuu wangu, Jumamosi nakuja kwenye hayo maonyesho yenu. Nataka kumwona mwaridi wangu. Nimeshaosha lile gauni la zambarau.”

“Bibi, njia mbaya, mvua...”

“Mvua zimekatika, si umesema mwenyewe? Unanificha nini?”

“Simfichi mtu.”

“Haya. Tutaonana.”

Jumamosi Bibi akashuka kwenye gari, gauni la zambarau, viatu vinang'aa, mkoba kaukumbatia. Ua wa maktaba ulikuwa umepambwa kila kona: meza za mikaktasi, meza za orkidi, watoto wananusa kila kitu, majaji watatu wanazunguka na kalamu. Mfamasia alimshika Bibi mkono akiwa amejiandaa kusema. Alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni: Bibi, mwaridi wako haupo, ni kosa langu, nilimwamini mtu. Akafika kwenye “Bibi”, na Bibi hakuwepo tena mkononi. Alikuwa anatembea haraka, pua mbele, kama mtu aliyeitwa jina.

Alisimama kwenye meza ya ukutani. Vyungu kumi na moja, vya udongo vya kawaida, vimepangwa kama shule. Miche mifupi, majani mekundu mekundu ya upya, na mitatu ina vitumba. Mmoja ulikuwa umechanua ua moja tu, waridi nje, jeupe tumboni. Kila chungu kilikuwa na kibao, na juu ya kila kibao zile herufi ndogo za kukodolea macho: *Mwaridi wa Bibi. Mwenyewe ni Katibu.* Mara kumi na moja.

Nyuma ya meza Fundi Saa alisimama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Nani kanizalia hawa wote?”

“Nilikata vipandikizi thelathini, Bibi. Kumi na tisa vimekufa. Mwenyekiti alinipa kona kwenye kitalu chake.” Akamgeukia Mfamasia, sauti ikashuka. “Siku ya pili tu ulipoondoka majani yalianguka. Nikauchomoa niangalie. Mizizi ilikuwa uji mweusi. Chungu chako kile hakina tundu chini.”

Mfamasia alishika ukingo wa meza. Chungu kizuri. Asubuhi na jioni.

“Kwa hiyo niliyeuzamisha ni mimi.”

“Maji yaliuzamisha.”

“Na aliyeyamwaga ni nani?”

“Wewe, mpenzi. Kwa mapenzi sana.”

Bibi aliguna, akageuza uso ili acheke kwa heshima.

“Sasa si ungeniambia? Siku ile ningekupiga busu badala ya kukunyang'anya ufunguo.”

“Siku ile nilikuwa navuta kimoja kimoja, na vyote vinatoka. Ningekwambia nini? Kwamba umekufa, halafu labda, halafu umekufa tena? Nilitaka ulie mara moja, au usilie kabisa. Vilipogoma, ulishanifungia simu, na dawa yangu ilishakwisha.”

“Na jina lako kwenye orodha?”

“Ningeandika lako ungelifuta.”

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu pale alijua ni kweli. Mfamasia akazunguka meza, gauni likakwaruza vyungu, akamkumbatia mbele ya majaji, mbele ya orkidi, mbele ya Bibi. “Nisamehe,” akasema kwenye shati la bluu. “Nilikuwa mjinga mwenye hasira.”

“Ulikuwa na haki ya hasira. Ujinga tutagawana.”

Sauti ya kuamsha wodi ikapaa kutoka jukwaani: meza ya ushindi msimu huu ni meza ya ukutani, na zawadi apokee mwenye mwaridi. Fundi Saa akamsukuma Mfamasia mbele, Mfamasia akamsukuma Bibi mbele, na ni Bibi aliyepanda, zambarau tupu, akainua beseni la zawadi juu ya kichwa chake watu wakapiga makofi mpaka njiwa wa paa la maktaba wakahama.

Katikati ya makofi hayo Fundi Saa aliinama sikioni kwa Mfamasia. “Kibaraza chako hakibebi miwaridi kumi na moja. Mimi nina ua nyuma ya nyumba, tupu, jua la asubuhi. Nataka tuipande pale sote wawili, na nataka ukae nayo. Nakuomba uwe mke wangu.”

“Ndiyo.”

“Fikiri kwanza.”

“Nimefikiria tangu Siku ya Miche. Ndiyo.”

Simu ikatetemeka mkobani mwa Mfamasia. Dada yake mkubwa, mara ya nne sasa.

“Mbona hupokei? Bibi kafika? Kasema nini kuhusu mwaridi? Na huyo mwizi wenu yupo?”

“Dada, sikiliza. Bibi kashinda, mwizi si mwizi, na mimi naolewa.”

“Unaolewa na nani?”

“Na mwizi. Sasa niache, Bibi kashamwita mume wangu ‘mume wangu’, inabidi nikamgombee. Kesho asubuhi nakupigia, nakupa yote, kuanzia asmini.”