Makali ya Kisogo

Jua lilikuwa linazama Kisogo alipofunga mlango wake na kushika njia ya kinyozi. Baba yake mdogo alikuwa amempigia simu: "Njoo uninolee wembe. Kesho nina bwana harusi wa kunyoa." Hakusema tafadhali. Katika ukoo ule neno hilo halikuwahi kuingia.

Alikwenda, lakini safari hii alikuwa na lake moyoni. Angenoa kwanza, kisha angeomba kiti kimoja, anyoe wateja mbele ya watu.

Jina la Kisogo alipewa na wateja. Marehemu baba yake, Mzee Laini, aliyesifiwa mtaa mzima kwa kunyoa, alimketisha miaka yote nyuma ya pazia, ameelekea ukutani, ananoa. Mteja akichungulia aliona kisogo tu. Mzee mwenyewe hakujua kunoa hata kisu cha vitunguu. Alikuwa na sikio. Alisimama na povu mkononi, akisikiliza wembe ukipita kwenye mkanda wa ngozi, akasema, "Bado." Kisogo akarudia. "Bado." Sauti ikishakuwa nyembamba, ndipo aliposema, "Sasa," akapenyeza mkono paziani. Sifa zikabaki mbele. Alipokufa, duka likaenda kwa mdogo wake, aliyekuwa amegombana naye mpaka kaburini, na Kisogo akaambulia kigoda alichokalia.

Alimkuta baba mdogo mlangoni na ndoo. "Anza. Nachota maji."

Ndani, mtu alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kunyolea, taulo limemfunika uso. Kisogo akamwamkia. Hakujibiwa. Wateja wa baba mdogo ndivyo walivyo, akajisemea, akapita nyuma ya pazia.

Mkanda ulimtia uchungu. Kwenye jiwe makali hutangulia, kwenye ngozi hutangulia mgongo wa wembe. Baba mdogo alitanguliza makali kotekote, na ngozi ilikuwa imejaa chale. Akalowesha jiwe. Akalaza wembe, akausukuma, akaugeuza, akausukuma tena. Tope jeusi likamwingia kuchani. Kisha akahamia kwenye mkanda, mahali palipobaki pazima.

Fyaa... fyaa...

"Bado."

Mkono ukamfia hewani. Sauti ilitoka kitini, chini ya taulo. Harufu ya karafuu ikaingia, zile alizotafuna baba yake kwa ajili ya jino. Nyuma ya karafuu kulikuwa na udongo mbichi.

Alitaka kukimbia. Mikono ikaendelea kunoa. Ilikuwa imezoea kutii sauti ile kabla yeye hajajua kukataa.

Fyaa... fyaa...

"Bado."

Fyaa...

"Sasa."

"Unaongea na nani?" Baba mdogo alikuwa ameingia na ndoo yake. Kisogo akafunua pazia. Kiti kilikuwa kitupu. Taulo lilikuwa juu yake, limelowa, la baridi.

Akaona heri aseme kabla ulimi haujamkauka. "Baba mdogo, naomba kiti. Niwe nanyoa."

Baba mdogo akacheka. "Mwanamke ashike koo la mwanamume? Baba yako mwenyewe hakukuruhusu." Akajitupa kitini. "Haya, kinyozi hajinyoi. Ninyoe mimi, nione."

Akampaka povu. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Halafu wembe ukateremka kooni wenyewe, ukasimama. Vidole vingine, baridi kama lile taulo, vilikuwa vimeshika juu ya vidole vyake.

"Sasa," sauti ileile ikamnong'oneza sikioni.

Ndipo alipoelewa, na hasira ikawa kubwa kuliko hofu. Akiwa hai alimficha. Amekufa, bado anamtuma, kwa ugomvi wake na ndugu yake. Kiti cha mbele hakumpa, alikuja kumpa damu.

"Sitaki, baba," alisema.

Akavuta mkono kwa nguvu zake zote, akaupiga wembe kwenye chuma cha kiti. Makali yakamegeka pengo. Akauangusha chini, akatoka, matusi ya baba mdogo yakimfuata mpaka kona. Nyumbani alisugua mikono kwa sabuni mpaka maji yakawa meupe, akalala kama gogo.

Asubuhi kelele zilimtoa kitandani, akazifuata mpaka dukani. Baba mdogo alikuwa kitini vilevile. Mashavu yote mawili yalikuwa laini kama yai. Kooni palikuwa na mstari mmoja, mwembamba, na damu yote ilikuwa imeshashuka sakafuni. Wembe ulikuwa mapajani, mzima, bila pengo.

"Labda amejikata," mtu akasema.

"Kinyozi hajinyoi." Huyo alikuwa fundi cherehani wa duka la pili. "Na mimi nimesikia mkanda usiku kucha. Fyaa, fyaa." Akang'oa unywele mmoja kichwani, akauangushia kwenye makali. Ukawa vipande viwili. "Makali haya nayajua. Ni ya nyuma ya pazia. Marehemu Mzee Laini hakujua kunoa, sote tulijua."

Sote tulijua. Kisogo alikuwa ameyangoja maneno hayo umri wake wote.

Watu wakageuka, wakamtazama usoni. Akaficha mikono nyuma. Kuchani kulikuwa na tope jeusi la jiwe, bado bichi.