Fundi Asiyejipima

Fundi cherehani mmoja alikuwa na sheria yake: hakati kitambaa kwa vipimo vya zamani. Umbembeleze usimbembeleze, atakusimamisha mbele ya kioo, atoe tepu shingoni, akupime upya.

Asubuhi moja muuguzi wa kliniki ya jirani alileta kitambaa cha sare. "Shona kama ile ya mwaka juzi, dada. Vipimo si unavyo kwenye daftari?"

"Mwili haukai pale ulipouacha," fundi akamjibu. "Nyoosha mikono."

Muuguzi akacheka, akanyoosha. Pale sakafuni binti wa fundi, mtoto wa miaka minne, alikuwa akipanga vifungo. Muuguzi aliikumbuka siku mtoto huyo alipozaliwa. Fundi alishikwa na kifafa cha mimba, kile kinacholetwa na presha, akapoteza fahamu, siku mbili hajui kama amejifungua.

"Na wewe, presha ulipima lini mara ya mwisho?"

"Siku niliporuhusiwa kutoka hospitali. Si ilikwisha mtoto alipotoka?"

"Kifafa kilikwisha. Lakini mwanamke aliyepata presha kali ya mimba ana hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata presha baadaye, hata maradhi ya moyo, figo au kiharusi. Wengi huishi salama. Ila upimwe kila mwaka, hata kama hujisikii vibaya."

Fundi akasahau tepu mkononi. "Kwani presha haiumi?"

"Mara nyingi haiumi."

"Sasa nitajuaje?"

"Kwa kupima tu."

Lilibaki swali moja, lile lililomkaa moyoni miaka yote. Mumewe, seremala, alitamani mtoto wa pili. Yeye alitamani zaidi, ila aliogopa kumwacha huyu bila mama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nikibeba tena, nitakufa?"

"Siwezi kukuahidi kwamba presha ya mimba haitarudi. Ndiyo maana umwone daktari kabla hujabeba. Kuna dawa za presha zisizomfaa mjamzito. Na kuna aspirini anayoweza kukuanzishia mimba ikiwa changa, ipunguze hatari. Usijinunulie mwenyewe."

Mchana uleule fundi akafunga kibanda, akaenda kliniki na mumewe. Mashine ikasoma 156 kwa 98, presha iko juu. Wakarudi siku nyingine mbili, hali ni ileile. Akapimwa mkojo na sukari pia, vikawa sawa. Daktari akamwanzishia dawa. Nyumbani chumvi ikapunguzwa. Seremala alinuna siku tatu, halafu akazoea.

Miezi mitatu baadaye mashine ikasoma 122 kwa 78. "Sasa tunaweza kuzungumza habari za mtoto," daktari akasema. "Tutaanza kwa kubadilisha dawa."

Jioni ile fundi akafungua ukurasa mpya kwenye daftari la wateja. Juu akaandika "Mimi", chini yake zile namba mbili na tarehe.

Seremala akachungulia. "Mteja huyu anashonewa nini?"

"Gauni la mjamzito, Mungu akijalia," mkewe akasema. "Lakini vipimo kwanza."