Sailensa Iliyokatwa

Kila asubuhi Kidoti alipelekwa shule na kaka yake kwa pikipiki. Saa hizo mama yao, muuguzi wa zamu ya usiku, ndiyo kwanza anavua viatu, macho mekundu, anatafuta kitanda.

Kidoti ndiye aliyemchochea kaka yake. "Za wenzako zinanguruma. Yako inakohoa tu!" Kaka akaenda kwa fundi, sailensa inayopunguza mlio ikakatwa, likabaki bomba tupu la moshi. Tangu hapo walipopita, wanafunzi walishangilia. Lakini kaka alibeba abiria kutwa, akiingia na kutoka nyumbani, na mama hakupata usingizi.

"Nimechoka, wanangu," alisema. Hakugomba; hata kugomba kunataka nguvu.

Siku moja askari wa barabarani aliwasimamisha karibu na shule.

"Sailensa iko wapi?"

"Imeanguka jana, afande," kaka alijibu. "Kwenye mashimo."

Askari aliinama, akatazama ukingo wa bomba. "Mashimo siku hizi yana msumeno? Eti binti, imeanguka?"

Kaka alimkazia macho. Kidoti akamgeukia askari.

"Hapana, afande. Tuliikata. Mimi ndiye niliyemshawishi."

"Afadhali wewe," askari alisema. "Kuondoa sailensa ni kosa kisheria. Pikipiki itakaa kituoni mpaka ifungwe nyingine."

Alipotoka shule, Kidoti alipitia kituoni. Fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho ya sailensa mpya. Mama, aliyepigiwa simu asubuhi kabla hajalala, alikaa kwenye benchi, bado amevaa sare ya kazi.

"Huyu kanichoma kwa askari, mama!" kaka alilalamika.

"Jana nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake," mama alisema taratibu. "Kichwa kilikuwa kizito kwa kukosa usingizi. Mwenzangu ndiye aliyenidaka mkono."

Kaka aliinamisha uso. "Nisamehe, mama. Sikujua."

Askari aliwasha injini, akasikiliza, akawarudishia ufunguo.

"Sheria hii haikuwekwa kuwanyima raha," mama aliwaambia. "Nyuma ya kila ukuta kuna mtu: mgonjwa, mtoto mchanga, mtu aliyetoka kazini. Na wewe Kidoti, kusema kweli huku kaka yako anakutolea macho si jambo dogo. Ila siku nyingine, kabla ya kumshauri mtu, fikiria kwanza. Haya, twendeni nikalale."

Walipofika kona ya mwisho kabla ya nyumbani, kaka alizima injini, akaisukuma pikipiki kwa mikono hadi mlangoni.