Skrubu Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi gari la nyumba liliamka kwa mpangilio uleule. Mjomba, ambaye ndiye dereva, alishuka kwanza kukagua magurudumu na kuulalamikia mgongo wake. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alifungua friji ndogo ya chanjo, akasoma kipimajoto na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Baada ya hapo ndipo Chiriku alipoteremka kutoka kitanda cha juu, akiongea hata kabla mguu haujagusa sakafu.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio shuleni. Kwa watu wengine wote alikuwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo hiyo Mama alikubali kwa mara ya kwanza afuatane nao. Walizunguka vijijini wakichanja watoto, wakilala na kupika humo humo garini. Kulikuwa na vitanda vitatu, jiko la gesi, sinki, na chini ya kiti cha nyuma betri mbili kubwa zilizopeleka umeme kwenye taa na friji.

Sheria za gari zilikuwa chache, na moja Mama aliisema mara mbili siku ya kwanza. "Kuta hizi zina mishipa kama mkono wako. Nyaya zote zinapita humo. Hakuna kutoboa, hakuna kugongelea kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Alielewa, lakini begi lake la vitabu halikuelewa. Kila gari lilipokata kona, begi liliruka kutoka kitandani na kutua kwenye sinki. Siku ya tatu lilitua juu ya vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mjomba akamwambia avumilie kidogo. Wakikutana na fundi wa umeme wa gari atawafungia kulabu ya kutundikia. Chiriku na kuvumilia walikuwa hawajuani. Jumatatu, wakubwa walipokuwa nje wakipanga viti, alichukua bisibisi na skrubu ndefu kwenye sanduku la Mjomba, akaikaza ukutani pembeni ya mto wake. Iliingia kwa ugumu, kisha ghafla ikawa laini. Akatundika begi, akavuta pazia la kitanda, na hakuna aliyejua.

Jumanne asubuhi Mama alifungua friji, akasoma namba mara mbili. Kipimajoto kilikuwa kimepanda mno. Friji ilikuwa imezima tangu jioni, na chanjo zote zilikuwa zimeharibika.

Nje, foleni ya akina mama ilikuwa imeshafika barabarani. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, jasho likimtiririka. Mama alitoka kuwaeleza. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini Chiriku, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliona jinsi mikono yake ilivyoshikana kwa nguvu.

"Sista, nimetembea saa mbili," alisema mama wa mapacha.

"Najua, dada. Nisamehe sana. Chanjo nyingine zinaletwa keshokutwa."

Mwanamke yule hakugombana. Aliwafunga wanawe vizuri, akageuka na kurudi alikotoka. Chiriku alitamani angegombana.

Adhuhuri alifika fundi wa umeme, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli la buluu na kalamu sikioni. Watu walimwita Fundi Taratibu. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyezibadilisha nyaya zote za gari lile. Alipima betri, akakaza vichwa vyake, akatoa fyuzi moja moja na kuziangalia kwenye mwanga. Muda wote huo friji iliunguruma vizuri kabisa, na taa ziliwaka kama zinamcheka.

"Gari hili linajua kunidhalilisha," alisema. "Mgonjwa anapona daktari akibisha hodi."

Kisha akatoa kijitabu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: hitilafu inayokuja na kuondoka aliifuata kwa maswali kabla ya vifaa. Aliandika saa umeme ulipokatika, gari lilikuwa wapi, nani alikuwa ndani na alikuwa akifanya nini. Mjomba alieleza, Mama akaeleza.

"Na wewe, Chiriku? Kuna kitu chochote kilichobadilika humu ndani tangu Jumatatu?"

Skrubu ya begi ilimjia akilini. Akaikumbuka ile sheria, akaona haya. Isitoshe, skrubu moja ina uhusiano gani na friji iliyo upande wa pili?

"Hakuna, Mama Fundi."

Fundi akaandika: *Mtoto: hakuna.*

Jumatano asubuhi friji ilikuwa imezima tena. Fundi akarudi. Akapitia kila waya alioweza kuufikia, akiuvuta na kuutikisa, huku Mjomba akisimama kando ya friji kusikiliza. Chiriku alipanda kitandani achukue penseli. Mara tu alipoliondoa begi ukutani, friji ikaanza kuunguruma.

"Imewaka!" Mjomba alipaza sauti. "Umegusa nini, Fundi?"

"Sijagusa kitu. Nilikuwa napiga chafya."

Nyuma ya pazia, Chiriku alilirudisha begi polepole. Mngurumo ukakoma. Akaliondoa, ukarudi. Jana begi lilikuwa nje, alikokuwa akisoma, ndiyo maana Fundi hakuona tatizo. Akalikumbatia begi, akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kusema neno.

Hapo ndipo simu ya Mama ilipolia. Ilitoka ofisini, na Mkuu wao alikuwa na sauti iliyosikika hata simu ikiwa sikioni kwa mtu mwingine.

"Sista, hizo nyaya alifunga nani? Si huyo mama? Basi kazi yake ni mbovu. Kuanzia kesho simtaki kwenye magari yetu hata moja. Nitatafuta fundi mwingine."

Mama alijaribu kumtetea, lakini alikuwa anajibu bila ushahidi mkononi. Fundi alikuwa amesikia kila kitu. Akaanza kukusanya vifaa vyake, akifuta kila kimoja kwa kitambaa kabla ya kukiweka sandukuni, bisibisi, koleo, testa ya kupimia umeme.

"Pengine ni kweli, Sista," alisema. "Pengine nilikosea mahali na macho yangu hayaoni tena."

Chiriku alimtazama yule mama aliyekagua fyuzi moja baada ya nyingine. Sasa alikuwa anajishuku mwenyewe kwa kosa la mtu mwingine. Alimwonea huruma. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana; ilitosha tu asilitundike begi tena. Akapiga moyo konde.

"Mama Fundi, usifunge sanduku. Ni mimi."

Watu wazima watatu wakageuka.

"Nilitoboa ukuta. Nilifunga skrubu nyuma ya pazia nitundike begi. Jana ulipouliza, nilikudanganya." Machozi yakaanza kumdondoka, lakini hakuyafuta. Alipanda kitandani, akafungua pazia, akatundika begi. Friji ikanyamaza. Akaliondoa, friji ikaunguruma.

Mama aliketi chini. "Chiriku, mwanangu," alisema tu, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Fundi alikuwa ameshafungua ubao wa ukuta. Waya mwekundu ulipita hapo hapo, na skrubu ilikuwa imeuchana. Kati ya nyuzi nyingi za shaba, ni tatu tu zilizokuwa bado zinagusana. Uzito wa begi ulipoivuta skrubu, hata hizo tatu ziliachana, na begi likiondolewa ziligusana tena.

"Njoo uone," alimwita Chiriku. "Nyuzi hizi tatu zilikuwa zinabeba mzigo wa waya mzima. Siku moja zingepata moto, zikawasha ubao. Na mto wako uko wapi?"

Chiriku aliutazama mto wake, kiganja kimoja tu kutoka pale.

Fundi alikata kipande kibovu, akaunga kipya na kukifunika vizuri. Mama akampigia Mkuu, lakini badala ya kueleza, alimpa Chiriku simu. Chiriku alieleza yote, kuanzia begi hadi uongo.

"Nipe huyo fundi," Mkuu alisema. "Nina deni la samahani."

Alhamisi asubuhi kipimajoto kilionyesha namba sahihi, na chanjo mpya zilifika katika kisanduku cha barafu. Foleni ilipojipanga, Chiriku alikwenda mwenyewe kwa mama wa mapacha.

"Shikamoo. Juzi ulirudi nyumbani bure kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeharibu umeme. Naomba unisamehe."

Mwanamke alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mguu wangu mpaka leo unauma," alisema. Kisha akamkabidhi pacha mmoja. "Basi shika huyu. Ndiye mkorofi. Wewe utambembeleza akichomwa."

Pacha alilia kwa nguvu zote, na Chiriku akambembeleza mpaka akanyamaza.

Kabla gari halijaondoka, Fundi Taratibu alirudi, akapapasa ukuta, akapima, akamwonyesha Chiriku mahali pasipo na waya, kisha akampa bisibisi akaze kulabu kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye alimsomea alichoandika kijitabuni: *Chanzo: skrubu, aliifunga Chiriku. Aliyeligundua tatizo na kulisema: Chiriku.*

"Nimeandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli," alisema. "Nilitafuta siku mbili kwa vifaa vyote hivi, na jibu lilikuwa mdomoni mwako. Ungelisema nilipouliza, ningemaliza kazi kabla ya chai. Kukosea, kila fundi anakosea. Lakini kosa lisemwe mapema, likiwa bado dogo, kabla halijamwangukia asiyehusika. Na sheria ikiwekwa, kama huijui sababu yake, uliza kwanza, ndipo ushike bisibisi."

"Nimeelewa, Mama Fundi."

"Safari hii naona umeelewa kweli. Tena siku mbili hizi ulinyamaza. Hilo nalo ningeliandika kijitabuni: Chiriku hasemi, kuna hitilafu."

Mjomba akawasha gari. Walipokata kona ya kwanza, begi liliyumba kidogo kwenye kulabu na kutulia, friji ikaendelea kuunguruma, na Chiriku akaanza kuuliza maswali kuhusu betri. Walipofika kona ya tano alikuwa bado anauliza. Mama akatabasamu, akamjibu yote.