Mikono Nje ya Pazia

Nilitoka kuanua nepi. Hicho tu ndicho kilichonitoa ndani jioni ile. Nepi sita za mtoto zilikuwa zimeshinda kwenye kamba zikinyeshewa, kwa sababu mimi, mtu mzima, mwalimu wa shule ya Jumapili, niliona jua la dakika tano nikaliamini. Jua la Nkunga mwezi wa Machi! Nikaanika. Dakika tano zikaisha, mvua ikarudi, nami nikaziacha hukohuko kwa hasira.

Ilikuwa kama saa kumi na moja, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na giza lilishaanza kuingia. Ni ule wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kuja kwa marobota na kila kijana akajiita mfanyabiashara. Mume wangu Ackson alikuwa mmojawapo. Wiki ya tatu alikuwa Kasumulu, mpakani, anasubiri mzigo. Mama mkwe na wifi yangu Elina walikwenda msibani Ibighi tangu jana yake. Baba mkwe aliondoka asubuhi kwa miguu kwenda Tukuyu, kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Nikabaki mimi na Gift, mtoto wangu wa kwanza, miezi minne.

Watu wanaosifia mvua ya kwetu hawajawahi kushinda ndani ya nyumba ya bati peke yao siku nzima, na kichanga asiyejua hata kuitika. Bati linapiga kelele mpaka unasahau sauti yako. Jirani wa karibu, mama Ezron, yuko ng'ambo ya kijito, na ungepiga yowe asingesikia kitu. Mchana ule niliongea na sufuria. Kweli kabisa, niliigombeza sufuria ili nisikie mtu akisema neno humo ndani.

Sasa niwaeleze jambo moja, hasa ninyi mnaotoka mbali. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hata kidogo! Mkikutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Jina lake hulitamki, unamwita tata tu, yaani baba, na hata leo silitamki, kwa hiyo msilisubiri. Wakati ule wengine walishaanza kulegeza, wale wa mjini, lakini kwa mama mkwe wangu hakuna kilicholegea. Ukivunja mwiko, alikuwa akiniambia, anayeugua ni mtoto wako. Basi nilikaa miaka miwili katika mji ule bila kujua sura ya baba wa mume wangu. Ungeniuliza kama ana ndevu ningebabaika.

Nilimjua kwa kikohozi, kwa miguu, na kwa koti. Kabla ya kuingia alikohoa mara mbili pale pembeni ya nyumba, ili tujifiche. Miguu yake ilikuwa mipana, vidole vimeachana. Koti lilikuwa la mtumba, la kahawia, refu mpaka chini ya magoti. Ackson alimletea kutoka robota lake la kwanza, na mzee hakulivua, liwe jua iwe mvua.

Nikiwa nimeshika nepi ya mwisho nikakisikia.

Kh-hm... kh-hm.

Nikakimbia ndani na mzigo wangu unaochuruzika, nikajitupa chumbani nyuma ya pazia. Gift alikuwa amelala kitandani. Mlango wa nje ukalia. Mtu akaingia, akavuta kigoda karibu na jiko la mkaa nililokuwa nimeliwasha sebuleni, akaketi.

Pazia letu lilikuwa fupi, liliacha nafasi ya shubiri moja hivi kutoka sakafuni. Nikapiga magoti, nikachungulia kwa adabu, chini tu. Miguu mipana. Pindo la koti la kahawia. Nikashusha pumzi. Sitaficha, nilifurahi. Angalau kuna mtu ndani ya nyumba.

"Shikamoo, tata."

Siku zote aliitika, "Marahaba, mkamwana," kwa sauti ya kwaya. Nikadhani bati limemeza salamu yangu. Nikarudia.

"Baridi..." Alinong'ona, lakini nilimsikia juu ya kelele zote za bati. Sauti ilikuwa kavu, imekwaruza.

Masikini, nikasema moyoni, amenyeshewa mpaka koo limekufa. Nikachukua sahani ya ndizi nilizokuwa nimezifunika, nikaisukuma chini ya pazia. "Karibu ule, tata. Bado za moto."

Sahani ikakaa palepale. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha.

Gift akaamka, akaanza kulia. Ule mlio wake wa jioni, wa kutaka kubebwa.

"Nipe mtoto."

Hilo halikunishangaza. Kila jioni tulifanya hivyo. Mimi nageuza uso ukutani, naitoa mikono yangu pembeni ya pazia nikiwa nimemshika mtoto, na babu yake anampokea. Alikuwa mwangalifu sana, miezi ile yote kidole chake hakikuwahi kunigusa. Basi nikageuza uso. Nikatoa mikono.

Vidole vikapita juu ya vyangu. Polepole. Vilikuwa vya baridi, na havikuwa na haraka ya kuondoka.

Gift akanyamaza.

Hakunyamaza kwa kubembelezwa, akishusha kilio kidogokidogo. Alinyamaza mara moja, kama redio iliyoishiwa betri. Nikasimama nyuma ya pazia nimekumbatia hewa.

Ndipo harufu ikanifikia. Udongo. Si udongo wa mvua, huo tunaujua, ndio tunaoishi nao. Huu ulikuwa udongo wa chini, ule mwekundu wanaoutoa vijana wakichimba kaburi, wakifika mahali ambapo mizizi ya migomba imekwisha.

"Tata, kikao kilikwenda vizuri?" nikauliza, ili tu nisikie jibu.

"Wangu..." alinong'ona. Hakuwa akisema na mimi.

Nikainama tena kuchungulia. Miguu ileile. Pindo lilelile. Lakini safari hii nilitazama sakafu.

Sakafu ilikuwa kavu.

Kutoka Tukuyu mpaka kwetu ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Nepi zangu zilikuwa zimejaza dimbwi chumbani kwa kukimbia hatua kumi. Mtu huyu ametembea saa nzima katika mvua ile, na chini ya koti lake hakuna hata tone. Matope hakuna. Alama ya unyayo kutoka mlangoni hakuna.

"Tata..." Nikaitoa tena mikono pembeni ya pazia. "Nirudishie mtoto. Anataka kunyonya."

"Bado."

"Tata, tafadhali."

"Bado... Nimekaa peke yangu sana."

Jamani, naomba mnielewe. Mtanicheka, mtasema mimi ningelivuta pazia palepale. Ungelivuta wewe! Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimefundishwa kwamba nikimwona mzee yule uso kwa uso, mtoto wangu ndiye atakayeugua. Kama ni yeye, nikivuta nimemdhuru mwanangu. Kama si yeye... nisipovuta nimemdhuru mwanangu. Nilishika pazia kwa mikono miwili, nikaomba, Mungu nionyeshe, ni yeye au si yeye. Mvua ikalegea kidogo juu ya bati, nikahesabu pumzi. Nilizisikia za kwangu tu. Sikusikia pumzi ya mtoto. Kigoda kikalia kidogo, kama mtu anayejiandaa kuinuka na mzigo mkononi.

Ndipo nikasikia kutoka nje, pembeni ya nyumba.

Kh-hm... kh-hm.

Nikararua pazia. Sikulivuta, nililirarua na kamba yake na msumari wake.

Kigoda kilikuwa kitupu. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa. Gift alikuwa chini, kwenye sakafu, kando ya jiko, amelazwa chali na mikono imenyooshwa ubavuni. Macho yamefunguka. Ananitazama.

Nikamnyakua. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee ndani ya koti la kahawia, na maji yalichuruzika kutoka kwenye koti lile yakatengeneza mfereji mpaka kwenye jiko. Alikuwa akitazama chini, kwa adabu, akinipa nafasi ya kukimbilia chumbani.

Sikukimbia. Nilirudi nyuma mpaka ukutani na mtoto wangu kifuani nikashika kisu cha ndizi.

"Usinisogelee!"

Mzee akaduwaa. Akaona pazia chini, sahani ya ndizi zilizopoa, kigoda kando ya jiko. Akaviangalia vyote vile kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kusikia mzee wa kwetu amelifanya. Akavua kofia. Akainua kichwa.

"Mkamwana," akasema. "Nitazame."

"Siwezi, tata."

"Nitazame usoni, mwanangu. Unijue."

Nikamtazama. Alikuwa na ndevu nyeupe, chache. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alikuwa analia, mzee wa watu, midomo inamcheza kwa baridi, na nikajua kwamba huyu ni mtu hai wa nyama na damu aliyetoka mvuani. Kisu kikaniponyoka. Nikalia kwa sauti mbele ya baba mkwe wangu, sijafunika kichwa, na hakuna mbingu iliyoanguka.

"Alivaa nini?" akaniuliza.

"Koti lako, tata. Na miguu yako."

"Sauti?"

"Alinong'ona tu. Alisema baridi. Alisema amekaa peke yake sana."

Mzee akaketi, lakini hakukitumia kigoda kile, aliketi chini kabisa. Akaniambia kwa kifupi. Walizaliwa siku moja, yeye na pacha wake, Ambindwile. Huyo Ambindwile alikwenda migodi ya kusini akiwa kijana ambaye hajaoa. Ikaja barua kwamba amefukiwa ndani ya shimo pamoja na wenzake, hawakutolewa. Maiti haikuja. Kwa kuwa maiti haikuja, baba yao alikataa kuweka msiba, akasema mwanangu atarudi. Hawakumlilia hata siku moja. Hana kaburi, hana mke, hana mtoto wa kumwita.

"Huwa anakuja mvua ikiwa ndefu," akasema. "Anasimama kule migombani. Hajawahi kuingia. Hajawahi kupewa kitu ndani ya nyumba hii."

Neno lile likakaa katikati yetu. Nilijua nani aliyempa, na alipewa nini.

Nikamsogezea mtoto. Yeye ndiye aliyembeba kila jioni, alimjua kwa uzito, kwa harufu, kwa namna anavyokunja vidole. Mimi sikuyaamini macho yangu.

"Tata, mwangalie. Ni yeye?"

Alimpokea. Akamgeuza kwenye mwanga wa jiko. Akamwangalia kwa muda mrefu sana, mpaka nikasikia maji ya koti lake yakiacha kudondoka. Mtoto naye alimwangalia, hakulia. Kisha mzee akanirudishia. Vidole vyake viligusa vyangu, vya moto kuliko nilivyotegemea, na hakuniangalia tena.

"Mnyonyeshe," akasema.

"Nimeuliza ni yeye, tata?"

"Mnyonyeshe, mwanangu. Ana njaa."

Nilikuwa nimemnyonyesha muda si mrefu kabla ya kutoka kuanua nepi. Lakini nilipomweka kifuani alinyonya kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwa kichanga, mikono miwili imenishika, macho hayafumbi. Alinyonya mpaka usiku ukaingia.

Kesho yake mzee alichinja ng'ombe, akaita ndugu, wakamlilia Ambindwile siku tatu kama aliyekufa jana. Hakumwambia mtu kwa nini sasa. Baba mkwe alikufa miaka minne baadaye, na swali langu hakulijibu.

Mtoto amekua. Ana afya, ana heshima, ananitumia hela ya sukari kila mwezi kutoka Mbeya. Nampenda, asije mtu akasema simpendi. Nimemlea, ni wangu. Ila mvua ikinyesha siku nzima kama leo, nakaa hapa peke yangu na kitu kimoja tu kinanitafuna. Kama huyu niliyemlea siye, basi Gift wangu ana miezi minne mpaka leo, yuko huko chini kwenye udongo, na hakuna aliyemfunika.